Cheo ni Amana, Si Mirathi

Ndugu zetu wasomaji, kila mwaka wa tano, ifikapo Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, Wakenya huitwa kwenda kupiga kura. Miezi mingi kabla ya siku hiyo mitaa yetu hujaa magari yenye vipaza sauti, na kuta zetu hujaa picha za watu wanaocheka. Kila mmoja katika hao ataka jambo moja, nalo ni mamlaka. Twamsikia akitaja atakayoyafanya: barabara, maji, hospitali, kazi kwa vijana. Lakini lipo swali ambalo sisi watu wa pwani twaliuliza mara chache mno, nalo ndilo lililostahili kutangulia yote: Ewe bwana, au ewe bibi, ni lipi lililokutoa nyumbani kwako hata ukaja kutuomba tukupe mamlaka juu yetu?

Badala ya swali hilo sisi huuliza: "Huyu ni mtoto wa nani? Ni wa mtaa gani?" Tukisha kuijua nasaba yake, twadhani tumeijua na sababu yake. Basi leo twataka kuitazama mas-ala hii kwa makini: ni sababu ipi inayompa mtu haki ya kuomba cheo, na ni ipi isiyompa?

Mifano yetu tutaitoa mbali kidogo, katika nchi ya chai, yaani Kericho na Bomet. Tumefanya hivyo kusudi, kwani mtu huona vizuri zaidi jambo likiwa kwa jirani kuliko likiwa ndani ya nyumba yake, ambamo mapenzi na hasira humziba macho. Wala nchi ile si ya kigeni kwetu. Majani yanayochumwa katika vilima vile hushuka Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanywa tangu mwaka 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi. Na ni nyumba gani ya pwani isiyopika chai asubuhi?

Zamani, mwenye kutaka kuongoza mji, uwe Kericho au Mombasa, aliutaka umeya. Na meya hakuchaguliwa na watu wote. Alichaguliwa na madiwani wenziwe, ndani ya chumba. Sababu zake alizieleza kwa wachache. Katiba ya mwaka 2010 iliuondoa utaratibu ule, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mameya hawakuwako tena; wakaja magavana wa kaunti 47, ambao huchaguliwa na kila mwenye kura. Basi sasa mwenye kutaka cheo hana budi kuitoa sababu yake hadharani. Hilo ni jema, lakini lina hatari yake: sababu inayosemwa mbele ya maelfu hutafutwa iwe tamu kabla ya kutafutwa iwe kweli.

Natuanze na sababu inayoingia moyoni upesi kuliko zote, nayo ni msiba.

Mnamo tarehe 31 Januari 2008, katika siku za fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, David Kimutai Too, mbunge wa Ainamoi katika nchi ya Kericho, alipigwa risasi akafa mjini Eldoret. Uchaguzi mdogo ukafanywa tarehe 11 Juni, na aliyeshinda ni ndugu yake, Benjamin Langat. Siku moja kabla ya uchaguzi huo, yaani tarehe 10 Juni, ndege ndogo ilianguka, wakafa Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet aliyekuwa Waziri wa Barabara, na Lorna Laboso, mbunge wa Sotik aliyekuwa waziri msaidizi, pamoja na wengine waliokuwamo. Tarehe 25 Septemba watu wa Bomet wakamchagua Beatrice Kones, mjane wa marehemu. Na watu wa Sotik wakamchagua Joyce Laboso, dada wa marehemu, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Egerton. Hivyo, katika mwaka mmoja, viti vitatu vya nchi ya chai vilitoka kwa waliokufa vikaenda kwa ndugu, kwa mjane na kwa dada.

Hatutaki kuwalaumu watu wa kule. Nchi ilikuwa imetoka katika damu, na mikono ya watu ilikuwa ingali imeshika majeneza. Mwenye msiba akisimama mbele ya waliolia naye, akasema, "Kazi aliyoianza marehemu nitaimaliza," ni nani mwenye moyo wa kumwambia rudi nyumbani? Tena si uongo kwamba jamaa wa kiongozi huenda akaijua kazi kuliko mgeni: ameona wageni wakija usiku na shida zao, amesikia ahadi zilizotolewa, ajua zipi zilizotimizwa na zipi bado.

Lakini upole wa moyo ni jambo moja, na haki ni jambo jingine. Mtu akifa huacha mali, na mali yake ina warithi. Je, kura alizopewa na watu zilikuwa mali yake? La. Zilikuwa amana mkononi mwake. Na hukumu ya amana hata mtoto wa chuoni aijua: mtu akikuwekea sanduku lake la dhahabu, kisha wewe ukafa, wanao hawaligawanyi sanduku lile pamoja na vyombo vyako. Hurudishwa kwa mwenyewe. Na mwenyewe, katika jambo hili, ni wale waliopiga kura.

Huenda mtu akatujibu: "Mbona wenyewe ndio waliowapa jamaa za marehemu? Hapana aliyewalazimisha." Jawabu hili ni la haki, nasi twalikubali nusu yake. Mwenye sanduku, akisha kurudishiwa, ana hiari ya kuliweka tena kwa mtoto wa marehemu. Lakini na aliweke kwa kuwa amemchungua mtoto huyo akamwona mwaminifu, si kwa kuwa amemkuta mlangoni akilia. Machozi ni dalili ya mapenzi. Si dalili ya uaminifu wala ya ujuzi. Sayyidna Umar alipokuwa katika mauti aliwaweka watu sita wachague mmoja wao awe khalifa. Na mwanawe Abdallah alimruhusu kutoa shauri tu, akamzuia asichaguliwe. Na Abdallah alikuwa mtu wa elimu na taqwa. Hivyo uongozi haukutoka kwa baba ukaenda kwa mwana.

Hata hivyo, haifai kumhukumu mtu kwa mlango alioingilia peke yake. Yatupasa tumtazame alivyokaa ndani. Joyce Laboso aliingia bungeni kwa mlango wa msiba, lakini mwaka 2013 watu wa Sotik walimrudisha, na katika bunge hilo akawa mwanamke wa kwanza kuwa Naibu Spika wa Bunge la Taifa. Mwaka 2017 akasimama kuutaka ugavana wa Bomet. Aliyekuwa akikikalia kiti hicho ni Isaac Ruto, gavana wa kwanza wa kaunti hiyo, mtu mwenye sauti kubwa nchini, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Baraza la Magavana. Bibi huyo alimshinda, akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuwa magavana katika Kenya, pamoja na Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Mwaka 2008 mwanamke yule alipokewa kwa jina la dada wa marehemu. Mwaka 2017 jina hilo halikuweza kumfaa tena; ilimbidi asimame kwa jina lake na kwa kazi yake. Na twauliza: kwa nini mwanamke mwenye elimu na uwezo apokewe kwa wepesi akija kama mjane au dada wa mtu, na akija kwa nafsi yake aambiwe kuwa ana tamaa? Mwanamume akisema, "Nautaka uongozi," huitwa shujaa. Mwanamke akisema neno hilo hilo hutafutiwa maiti wa kumwombea ruhusa. Huo si uadilifu. Ikiwa msiba si hoja ya kutosha kumpa mtu cheo, basi pia kukosa msiba kusiwe sababu ya kumnyima.

Bibi Laboso alifariki tarehe 29 Julai 2019 kwa maradhi ya saratani, hajamaliza muhula wake. Wala safari hii hapakuwa na uchaguzi wa dada au mjane. Katiba yasema gavana akifa naibu wake hushika mahali pake mpaka muhula uishe, na hivyo Hillary Barchok akawa gavana. Angalieni, basi, jinsi sheria ilivyoufunga mlango ambao huruma yetu huuacha wazi.

Sababu ya pili ni dhuluma. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianzishwa katika miaka ya 1920 juu ya ardhi iliyochukuliwa kwa Wakipsigis, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wa ukoo wa Talai ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Profesa Paul Chepkwony, gavana wa Kericho tangu 2013 hata 2022, aliishughulikia sana dhuluma hii, na mwaka 2022 wadai walilifikisha shauri lao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Sisi wa pwani, tuliokaa juu ya ardhi za babu zetu hali hati zake ziko mikononi mwa wengine, hatuna haja ya kufundishwa uchungu wa jambo hili. Hapana shaka kwamba kutetea aliyedhulumiwa ni sababu njema ya kuomba cheo. Lakini sababu njema nayo ina kipimo chake, nacho ni ukubwa wa cheo chenyewe. Gavana amepewa hospitali na zahanati za kaunti, barabara zake, masoko, maji, kilimo, na shule za watoto wadogo. Hakupewa ufunguo wa kuwarudishia watu mashamba. Basi mgombea anayesema, "Nitalibeba dai lenu na kulifikisha," asema kweli. Anayesema, "Nichagueni nami nitawarudishia ardhi," auza asichokuwa nacho. Ni vivyo hivyo kwa mwenye kumwahidi mkulima mdogo kwamba atampandishia bonasi ya chai. Bonasi hutokana na bei ya mnada na gharama za kiwanda, gavana haipangi. Kumwahidi mtu kilicho nje ya mkono wako ni kumdanganya, ijapokuwa kilio unachokitaja ni kilio cha kweli.

Sasa huenda msomaji akauliza: "Je, kule kutaka kwenyewe si aibu? Si imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwa akimpa uongozi aliyeuomba?" Naam, imepokewa. Lakini pia twajua kwamba Nabii Yusuf alimwomba mfalme amweke juu ya ghala za nchi. Mambo haya mawili hayagongani. Yusuf hakuomba kiti, aliomba kazi. Aliitaja kazi yenyewe, na akaitaja sifa yake ya kuiweza, wakati njaa ilikuwa njiani inakuja. Anayelaumiwa ni yule ambaye macho yake yako juu ya heshima ya cheo, na kazi kwake ni kisingizio. Tena, ikiwa kila mwema atajifungia nyumbani kwa kuogopa aibu ya kuomba, uwanja utabaki kwa wasiokuwa na aibu.

Kwa hivyo, mgombea ajapo barazani kwetu, natumuulize mambo matatu. La kwanza: ni kazi gani moja, iliyo ndani ya uwezo wa cheo hiki, unayotaka kuifanya? La pili: miaka mitano ikipita, tutakujuaje kwamba umeshindwa? La tatu, nalo ndilo zito: lau mwingine angeifanya kazi hiyo vizuri kuliko wewe, ungefurahi ukamsaidia, au ungehuzunika? Mwenye kuitaka kazi hufurahi ikifanywa na yeyote. Mwenye kutaka kiti huona kwamba kazi nzuri ya mwenziwe imemwibia.

Lakini swali hili lina ncha mbili, na ncha ya pili imetuelekea sisi. Mchumaji wa chai huchagua majani mawili na chipukizi lake, na apelekapo kikapu kwenye mizani, majani magumu hutupwa. Sisi je, twachagua? Tukipokea mchele, leso na noti ya mgombea usiku wa kuamkia kura, tumemtafutia sababu sisi wenyewe: atatawala ili arudishiwe gharama yake, na kila bomba likaukalo katika mtaa wetu litakuwa sehemu ya malipo hayo. Na tukimpa mtu kwa kuwa ni mtoto wa fulani, tusistaajabu akikigeuza kiti kuwa shamba la baba yake. Aliyepewa kama mirathi atakishika kama mirathi; aliyepewa kama amana twaweza kumdai hesabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozipeleka amana kwa wastahiki wake. Amin.