FUNGU LA FAKIRI ALIPOSAMEHEWA TAJIRI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kumiliki mbingu na ardhi na vilivyo baina yake. Rehma na amani zimshukie Mtume Wake Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Kutofautiana kwa watu katika riziki si jambo geni, wala si kila tofauti ni dhulma. Katika Suratuz-Zukhruf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba ni Yeye aliyewagawia watu maisha yao, na akawanyanyua baadhi yao juu ya wengine ili wapate kutumikiana. Mvuvi anamhitaji fundi wa ngalawa, na fundi anamhitaji mvuvi. Lakini wapo walioifanya aya hii kuwa mto wa kulalia; wakimuona jirani amelala na njaa husema kwamba ndivyo alivyokadiriwa. Hao wameisahau aya ya 7 ya Suratul-Hashri, ambapo mali ya fai imewekewa wenye kuistahiki, na sababu ikatajwa waziwazi: mali isibaki ikizunguka mikononi mwa matajiri peke yao. Basi tofauti ya riziki ni mpango wa Mola, ama kuizuia riziki isimfikie mwenye haki nayo ni kazi ya mikono ya watu, na watu ndio watakaoulizwa.

Jinsi mikono hiyo inavyofanya kazi ilielezwa na Abu Hamza Al-Mukhtar bin Auf, mtu wa Oman, alipoingia Madina katika mwezi wa Safar mwaka 130 wa Hijra (747 M) na kupanda mimbari. Imam aliyemtuma, Abdullah bin Yahya Al-Kindi, ajulikanaye kwa jina la Talibul-Haqq, alikuwa ameuchukua mji wa San'a mwaka uliotangulia, na wapokezi wa habari wanasimulia kuwa hazina aliyoikuta huko aliwagawia mafakiri wa mji ule. Kwa hiyo Abu Hamza alipozungumza habari ya mali, hakuzungumza kama mtu anayetamani kilichomo mkononi mwa mwengine.

Aliwakumbusha watu wa Madina jambo lililowapata zama za Hisham bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia mwaka 105 mpaka 125 wa Hijra. Matunda yao yalipatwa na maradhi, wakamwandikia mtawala wakimuomba awaondolee makadirio ya yale yaliyowapasa kutoa, naye akawaandikia kwamba amewasamehe. Wakamshukuru na kumuombea kheri. Abu Hamza akawaambia kwamba kwa msamaha ule Hisham alimzidishia tajiri utajiri wake na fakiri ufakiri wake. Wala hakuiridhia dua ile, si kwa aliyeombewa wala kwa walioiomba.

Msikilizaji wa leo huenda akastaajabu. Je, kuwapunguzia mzigo waliopatwa na balaa si huruma? Jawabu limo katika hukumu za Zaka zenyewe. Tende hazipasi Zaka mpaka zifike wasaki 5, nazo ni pishi 300. Mitende ikiota kwa maji ya mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na ikinyweshwa kwa kazi na gharama hutolewa nusu ya hiyo. Basi aliyepatwa na maradhi ya matunda hata akabakiwa na pishi 200, sharia ilikwisha kumsamehe kabla ya Hisham kushika kalamu. Hakuwa na haja na barua ya mtu. Na aliyebakiwa na pishi 1,000 katika shamba la kunyweshwa, lililompasa ni pishi 50 tu, naye hubakiwa na 950. Pishi hizo 50 ndizo alizosamehewa. Nani aliyekuwa azile? Azile mjane, na mwenye deni, na kibarua aliyepanda mitende ya wengine wala hana wake mwenyewe, ambaye maradhi yale yale yalimkosesha kazi. Barua ile haikumtaja. Mtawala alisamehe kisichokuwa chake, tajiri akapokea kisichokuwa chake, na fakiri asiwe hata na mlango wa kugonga, kwani makadirio yamekwisha futwa na hapana cha kudai.

Hili ndilo la kuzingatiwa kuliko yote. Wizi wa wazi humfanya aliyeibiwa apige kelele. Msamaha wa namna hii humfanya ashukuru. Katika khutba yake Abu Hamza alitaja pia kwamba Mwenyezi Mungu amezigawa sadaka mafungu manane, kama yalivyo katika Suratut-Tawba, aya ya 60, kisha likazuka fungu la tisa lisilokuwa na haki yoyote, likayachukua yote. Fungu hilo halikwisha kwa kwisha zama za Bani Umayya.

Mfano ulio karibu zaidi na familia nyingi zitakazokisoma kijitabu hiki ni wa Unguja na Pemba. Wenye mashamba ya mikarafuu wengi waliyaweka rehani wakazama katika madeni, na riba ikawala. Mwaka 1934, chini ya utawala wa Kiingereza, ilipitishwa sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishiwe watu wengine pasipo idhini ya serikali. Sheria hiyo iliwalinda wenye mashamba, mkubwa na mdogo, na kujilinda na riba ni jambo jema. Lakini mchumaji wa karafuu, na mchukuzi wa bandarini, na yule aliyelima muhogo chini ya mikarafuu kwa ruhusa ya mwenyewe, hawakuwa na shamba la kulindwa. Walibaki pale pale walipokuwa.

Januari 1964 yalipotokea mapinduzi, ilimwagika damu ya wasio na hatia, wala hapana hesabu ya mali inayoweza kuihalalisha. Mashamba yakachukuliwa, watu wakagawiwa eka tatu tatu. Waliokimbilia Oman, nchi za Ghuba na Uingereza wamewalea watoto wao kwa hadithi ya yaliyopotea, na ni haki yao kuisimulia. Ila mtoto asimuliwe pia khabari ya yule mchumaji: alilala wapi msimu ulipokwisha, na Zaka ya mashamba yale ilimfikia au haikumfikia.

Na barua ya Hisham huandikwa hata majumbani. Mwenye kazi nzuri Maskati au London anaposamehe deni la rafiki mwenye duka, na mwezi huo huo akamcheleweshea mshahara mtumishi wa nyumbani aliyeacha watoto wake nchi ya mbali, amefanya yale yale kwa kipimo kidogo. Anapopeleka fedha Pemba au Mombasa, akawagawia ndugu wote sawa kwa sawa ili asilaumiwe, mwenye nyumba ya kupangisha na asiye na dirisha, ameepuka lawama ya wenye sauti tu. Na kama fedha hiyo ni Zaka, basi yule mwenye nyumba hana haki nayo kabisa, hata akiwa ndiye kaka mkubwa.

Zaidi ya hayo kuna mirathi. Suratun-Nisaa imeweka sehemu ya binti kwa jina lake, sawasawa na ilivyoweka ya mwana. Hata hivyo yako mashamba ambayo mwenyewe alifariki miaka mingi iliyopita na hayajagawiwa hadi leo. Kila msimu huchuma ndugu wa kiume aliyebaki kijijini, na dada aliyeolewa mbali hupelekewa pakacha la maembe na salamu. Naye hupokea, akashukuru, akamuombea kheri ndugu yake.