Uji Wetu: Nani Yumo Ndani ya Neno "Sisi"?

Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa kiranja wa uji. Kila siku saa nne na nusu asubuhi, mwalimu wa zamu alipogonga rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, mimi nilitangulia jikoni na daftari la majina. Wanafunzi wote walipanga mstari, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki. Tulifanya ishara ya msalaba, tukasali Baba Yetu, tukaomba chakula kibarikiwe. Kisha nilifungua daftari na kuanza kusoma majina ya waliolipa. Aliyesomwa alisogea kwa mpishi. Ambaye hakusomwa alitoka mstarini, akaenda kukaa kivulini karibu na groto ya Bikira Maria mpaka wenzake wamalize kunywa.

Sikuona kosa lolote. Nilijivunia hata sauti yangu, maana mwalimu alisema nasoma vizuri. Leo nasoma Kiswahili chuo kikuu, na asubuhi zile zimenirudia kwa namna ya swali: watu wanaosali pamoja wana wajibu gani kwa mwenzao asiyeweza kuchangia? Je, mtoto anaweza kuwa mmoja wetu wakati wa sala, halafu asiwe mmoja wetu dakika mbili baadaye?

Kwanza niieleze shule yenyewe. Ilikuwa upande wa Masaka, kusini mwa Uganda, na ilianzishwa na Kanisa Katoliki. Shule za aina hii ni nyingi kwetu. Wamisionari wa kwanza Wakatoliki walifika Buganda mwaka 1879, na tangu hapo kanisa na darasa vimekwenda pamoja. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1963 serikali ilichukua usimamizi wa shule za misheni, Kanisa likabaki kuwa mwanzilishi. Ndiyo maana walimu wetu walilipwa na serikali, lakini saa sita mchana kengele ya parokia ilipolia tuliacha kila kitu tukasali Malaika wa Bwana. Wanafunzi hawakuwa Wakatoliki peke yao. Walikuwamo Waprotestanti, Waislamu na Walokole, kwa sababu shule ile ndiyo iliyokuwa karibu.

Tangu mwaka 1997, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza, ada ya masomo iliondolewa. Uji haukuwamo katika mpango huo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaweka jukumu la kumlisha mtoto mikononi mwa mzazi au mlezi. Kwetu mzazi alilipa shilingi 15,000 kwa muhula, na asiyelipa mtoto wake hakunywa.

Sitaki kumsema vibaya mwalimu mkuu, kwa sababu hoja yake ilikuwa na uzito. Siku moja alitueleza viranja kwamba unga, sukari na kuni havinunuliwi kwa huruma. Ukimpa asiyelipa, alisema, muhula ujao hata mwenye uwezo hatalipa, na mwisho sufuria itakuwa tupu kwa wote. Tena kuna suala la haki. Mama aliyeuza kuku wake ili alipe atajisikiaje akiona mtoto wa jirani anakunywa bure? Hoja hii si ya ukatili. Ni hoja ya mtu mwenye sufuria moja na midomo mingi, na yeyote anayeijibu kwa neno "upendo" tu hajaijibu.

Lakini kulikuwa na mambo mawili yaliyoitikisa hoja hiyo, na yote nilikuwapo.

La kwanza ni mahujaji. Kila mwaka tarehe 3 Juni Waganda huadhimisha siku ya Mashahidi, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 na ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu 22 Wakatoliki mwaka 1964. Watu hutembea kwa miguu siku nyingi kwenda Namugongo, na wale watokao upande wa Mbarara hupitia kwetu. Walilala madarasani. Jioni mpishi aliwasha moto, wazazi wakaleta ndizi na maharage, na asubuhi kila hujaji alipewa uji kabla ya kuendelea na safari. Hakuna aliyeshika daftari. Hakuna aliyeuliza, "Huyu amelipa?" Na sufuria haikukauka. Mgeni tuliyemwona mara moja alikunywa, na mtoto tuliyekaa naye darasani mwaka mzima aliangalia.

La pili ni jirani yangu wa dawati. Alikuwa Mwislamu, na baba yake alikuwa amemlipia. Mwaka ule Ramadhani iliangukia ndani ya muhula wa pili. Siku ya kwanza ya mfungo nilisoma jina lake, akasogea, akajaziwa kikombe, akakipeleka moja kwa moja kwenye groto na kumpa mvulana mmoja tuliyetoka naye kijiji kimoja. Nilimkimbilia kumkataza. Nilimwambia jina halihamishiki. Mpishi alinisikia akaniita.

"Mwanangu," alisema, "uji ni wake. Akimpa mtu, wewe inakuhusu nini?"

Nilinyamaza. Mwezi mzima mvulana yule alikunywa uji wa mtu aliyefunga. Idi ilipofika, msichana akarudia kikombe chake, na mvulana akarudi kukaa kivulini. Siku chache baadaye aliacha kupanga mstari kabisa. Kengele ilipogongwa alibaki darasani, kichwa juu ya dawati. Wakati ule nilidhani amepata akili ya kujiepusha na aibu. Leo naona jambo jingine: kwa kuwa sala yetu ilisaliwa mstarini, alipoacha mstari aliacha na sala. Tulimtoa kwenye uji, naye akajitoa kwenye "sisi".

Neno hili "sisi" ndilo limenifanya niandike. Katika somo la isimu tulifundishwa kwamba zipo lugha zenye maneno mawili kwa maana hii. Kiindonesia, kwa mfano, kina "kita", yaani sisi pamoja na wewe ninayekuambia, na "kami", yaani sisi bila wewe. Kiswahili hakina tofauti hiyo, wala Kiganda. Nikisema "uji wetu", sarufi hainilazimishi kusema kama umo au humo. Mahujaji walipokuja, "wetu" yetu ilikuwa pana kama barabara ya Kampala. Saa nne na nusu ikawa nyembamba kama daftari. Neno lilikuwa lile lile, na kwa sababu hiyo hatukusikia lilivyobadilika.

Wasomi wetu wa falsafa ya Kiafrika hupenda kusisitiza jumuiya. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu hujitambua kwa kuwa sehemu ya watu wake. Nakubaliana naye, ila nadhani swali halijaisha hapo. Kama mimi niko kwa sababu tuko, basi yule anayeachwa nje ya "tuko" anapunguziwa kitu kikubwa kuliko kikombe cha uji. Anapunguziwa nafasi ya kuwa mtu mbele ya wenzake. Tukiisifu jumuiya bila kuuliza nani anashika daftari lake, tunasifu jina.

Biblia yenyewe haikulificha tatizo hili. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, Wakristo wa kwanza wanagombana juu ya chakula. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, huku wa Waebrania wakipata. Mimi mwanafunzi wa lugha sikosi kuona kwamba waliosahauliwa walitofautiana na wengine kwa lugha. Lakini kinachonigusa zaidi ni dawa iliyotolewa. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakuwahimiza watu binafsi wawe wema zaidi. Waliwaagiza waumini wachague watu saba wasimamie mgawo. Yaani waliona kwamba kosa lilikuwa katika utaratibu, wakaurekebisha utaratibu.

Hapa ndipo naona ukomo wa wema wa jirani yangu. Alichokifanya kilikuwa kizuri, na sitaki kukitumia kuonyesha kwamba Mwislamu alikuwa Mkristo kuliko sisi. Alitimiza funga yake, basi. Lakini wema wake ulikuwa wa mtu mmoja, kwa mtoto mmoja, kwa mwezi mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja anaweza kutoa kikombe chake, lakini daftari lilikuwa letu sote.

Nilipokuwa darasa la saba daftari lilibadilishwa. Sijui nani alianzisha hoja, ila katika kikao cha wazazi ilikubaliwa kwamba asiye na fedha alete mahindi au kuni, na asiye na hivyo alime siku mbili katika shamba la shule. Daftari likawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Deni likazungumzwa kati ya shule na mzazi, na kila mtoto aliyekuja na kikombe akajaziwa. Je, mwalimu mkuu alikuwa amekosea kuhusu wazazi wajanja? La, hakukosea. Walikuwapo waliokuwa na uwezo wakaacha kulipa wala hawakulima. Uji ukawa mwepesi, na wiki nyingine hapakuwa na sukari. Waliolipa walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika.

Hata hivyo nasema utaratibu wa pili ulikuwa wa haki kuliko wa kwanza, na sababu yangu ni hii: mtoto hakuwa mdaiwa. Aliyedaiwa ni mzazi, lakini aliyekaa na njaa na kusikia jina lake likirukwa mbele ya shule nzima ni mtoto. Kumwadhibu asiyedaiwa ili aliyedaiwa aone haya ni kumfanya mtoto fimbo ya kumchapia baba yake. Uji mwepesi ni hasara, lakini ni hasara iliyogawanywa kwa wote, na jumuiya ya imani inayokataa kupata hasara yoyote kwa ajili ya wanyonge wake sioni inatofautianaje na duka.

Desemba iliyopita nilikutana na yule mvulana kijijini. Sasa anaendesha bodaboda. Tulizungumza habari za shule, tukacheka, kisha nikamuuliza kama anakumbuka uji. Alisema anakumbuka jinsi nilivyosoma. Hakusema kwa ubaya. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini abiria alikuja, akawasha pikipiki akaondoka.

Muhula huu wanafunzi Wakatoliki wa chuo chetu wamenichagua kuwa mweka hazina. Tunajiandaa kwa mafungo, na kila mmoja anatakiwa kuchanga nauli na chakula. Nimeshapewa orodha ya wasiolipa, na mwenyekiti amependekeza isomwe baada ya Misa ili watu wakumbushwe. Nimekataa kuisoma. Nimeomba tuchange wote kadiri tunavyoweza, na kama fedha hazitoshi basi twende mahali pa karibu zaidi, lakini twende wote. Wenzangu wawili wamekwisha kuniuliza kwa nini walipe wao na wengine wasilipe. Swali lao ni lile lile la mwalimu mkuu, na nimewajibu kwa yale niliyoyaandika hapa. Hawajaridhika. Tutakutana tena Jumapili.