Nyumba Usiyolala Ndani

Wahenga walisema: Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Darasani tumezoea kuifundisha methali hii kama onyo kwa mtu anayetamani hali ya wenzake kwa kutazama nje tu. Lakini methali hii ina upande wa pili ambao aghalabu hatuugusi. Ikiwa asiyelala ndani haijui ila, basi aliyelala ndani anaijua. Je, huyu anayejua ana wajibu gani kwa yule asiyejua, siku anapompangisha nyumba hiyo au kumwuzia? Hilo ndilo swali lililo mbele yetu, na mfano wake tutauchukua Kampala.

Mswahili afikaye Kampala kwa mara ya kwanza hushangaa kusikia watu wakitafuta "mizigo" ya kupanga. Kwa Kiganda cha mjini hilo ni jina la vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa mstari, aghalabu chini ya paa moja la mabati. Mgeni hucheka, lakini akiisha kukaa miezi miwili mitatu huona kwamba maana ya Kiswahili nayo haiko mbali.

Sisi wenyewe tuliwahi kupanga vyumba viwili katika kilima kimojawapo cha mji huo. Tulionyeshwa jioni, hewa ikiwa baridi, na dalali akatusifia rangi ya kuta na vigae vya sakafuni. Tulipohamia ndipo tulipoona mengine. Paa halikuwa na dari, na adhuhuri chumba kilikuwa kama tanuri. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, hata ikatupasa kuwasha taa saa sita za mchana. Kubwa zaidi lilikuwa mita ya umeme, ile ya kulipia kabla ambayo watu wa Kampala huiita Yaka. Yuniti tulizonunua kwa mwezi ziliisha kwa juma moja na nusu. Usiku mmoja tulizima kila kitu, tukaitazama mita. Nayo ikaendelea kuhesabu. Fundi alipokuja alikuta waya unaotoka kwetu ukilisha chumba cha pili. Tulipomwendea mwenye nyumba, alitujibu kwa upole kabisa: "Hamkuniuliza."

Jibu hilo ni la kale. Mwanafalsafa wa Kirumi, Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka wa 44 kabla ya Kristo, ameeleza habari ya mtu anayeuza nyumba yenye ila ambazo yeye peke yake anazijua: haifai kwa afya, na mbao zake ni mbovu. Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema kwamba muuzaji hakumlazimisha mtu kununua; kutosema si sawa na kuficha, na ni kichekesho mtu kuinadi nyumba yake kwa kutangaza ubovu wake. Antipater wa Tarso anajibu kwamba kumwacha mwenzako akimbilie hasara huku unamtazama ni vibaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero mwenyewe anaegemea upande wa Antipater.

Nasi twaegemea huko. Wazee wetu walipopima biashara walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na nyumba isiyoelezwa waliiweka katika fungu moja na mbuzi aliyeuzwa ndani ya gunia. Sheria ya Kiislamu nayo humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu alichokikuta na aibu ya tangu kwa muuzaji, ambayo hakujulishwa. Walimu wenzetu watakumbuka kwamba katika Kiarabu neno hilo ni kasoro ya kitu. Kiswahili kimelichukua likawa fedheha ya mtu, na pengine hakikukosea.

Huko Ulaya jambo hili limekwisha kuwa sheria. Mwaka 2002 Jumuiya ya Ulaya iliziagiza nchi wanachama kwamba nyumba inapojengwa, inapouzwa au inapopangishwa, iwe na cheti kinachoonyesha matumizi yake ya nishati. Katika Uingereza na Wales vyeti hivyo vilianza mwaka 2007. Nyumba hupewa daraja kuanzia A hadi G, na cheti hudumu miaka 10. Tangu mwaka 2018, kwa mkataba mpya, nyumba iliyo chini ya daraja E hairuhusiwi kupangishwa, isipokuwa kwa udhuru maalumu.

Msomaji atasema: hao wana majira ya baridi, sisi tuna nini? Ni kweli. Kampala iko karibu na Ikweta, katika mwinuko wa mita 1,200 hivi, na hakuna anayewasha moto ili kupasha nyumba. Lakini ila za nishati zipo, ila tu sura zake ni nyingine: paa lisilo na dari, dirisha lisiloleta mwanga, waya uvujao, jiko la makaa lisilo na pa kutolea moshi, hita ya bafuni inayokula yuniti nzima kwa dakika 12 tu. Sheria ya Uganda ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inadai nyumba inayopangishwa ifae kwa makazi ya binadamu. Cheti cha nishati haikidai. Hapo pamebaki dhamiri.

Yuko atakayemtetea mwenye nyumba. Pengine ni mjane mwenye vyumba vitatu, na karo ya watoto hutoka humo. Akiambiwa alete mtaalamu wa kupima, gharama ataitia katika kodi, na atakayeumia ni mpangaji yule yule. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini yapo ya kupima yasiyohitaji mtaalamu. Kuzima kila kitu na kutazama mita ni kazi ya robo saa. Kuandika yuniti zilizonunuliwa kwa miezi 12 ni ukurasa mmoja wa daftari. Asemaye "sikujua" huku hakutaka kutazama, kutojua kwake ni kwa kuchagua, na faida yake haiwi halali kwa sababu hiyo.

Hata hivyo haifai tumalize kwa kuwanyooshea kidole wengine. Siku tulipohama, alikuja mwalimu kijana kuvitazama vile vyumba. Mwenye nyumba alikuwa amesimama hapo, na amana yetu ilikuwa bado mkononi mwake. Kijana akatuuliza, "Mlikaaje hapa?" Tukajibu kwamba majirani ni watu wema. Lilikuwa neno la kweli. Juu ya waya hatukusema kitu, na waya ulikuwa haujakatwa. Amana tulirudishiwa yote.

Tangu siku hiyo hatuwezi kumlaumu Diogenes bila kujiona tumesimama kando yake. Twajua sasa kwamba wajibu wa kusema haumwangukii mwenye hati ya nyumba peke yake. Humwangukia kila aliyelala ndani. Basi mwalimu mwenzetu, utakapoifundisha tena methali ile, usiishie kuwauliza wanafunzi maana yake. Waulize pia: aliyelala ndani alisema nini, siku mgeni alipobisha hodi?