Kelele Iliyonyamazishwa

Wasomaji wetu, twapenda kuuliza swali moja. Je, fundi ampaye mtu kile alichoomba, naye ajua kwamba hakimfai, ametenda haki? Na yule aliyeomba, hana lawama?

Swali hili lilitujia kwa sababu ya Land Rover kuukuu ya shule yetu. Magari hayo ya Kiingereza yalitokea kwanza mwaka 1948, na machache yangali yakitembea huku kwetu Mara. Letu ni la aina ya tatu, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971.

Gari hilo lilianza kunguruma. Katika barabara tambarare ya Bunda, kwa gia ya 4, lilikuwa kimya. Bali likipanda kuelekea Butiama kwa gia ya 2, lililia kama jiwe la kusagia. Sababu ni hii: katika gia ya 4 nguvu ya injini hupita moja kwa moja mpaka nyuma, lakini katika gia nyingine hushuka kwanza kwenye shafti ya chini, kisha hupanda tena. Ugonjwa ulikuwa katika beringi ya shafti hiyo.

Hayo hatukuyajua. Tulimwendea fundi mmoja, tukamwambia, "Bwana fundi, fedha zetu ni chache. Tuondolee kelele tu." Akaiondoa kwa siku moja, nasi tukamsifu sana.

Hazikupita wiki nyingi, gari likiwa mlimani na wanafunzi 6 nyuma, beringi ikavunjika, shafti ikahama, meno ya gia yakakatika, gari likaanza kurudi nyuma. Breki zilishika. Hakuna aliyeumia, lakini hata leo tukikumbuka twatetemeka.

Fundi mzee wa Musoma aling'oa viti na sakafu, akaitoa giaboksi kwa kuipitisha ndani ya gari, maana ndivyo magari hayo yalivyoundwa. Alipoifungua alitia kidole katika mafuta, akatuonyesha unga wa mbao. Huo ni ujanja wa zamani: unga hujaa palipo na nafasi, kelele hufifia, na chuma huendelea kulika. Funika kombe mwanaharamu apite!

Tukakasirika, tukataka kwenda kumshitaki yule wa kwanza. Mzee akatuuliza, "Mlimwomba nini?" Tukakosa jibu.

Wako watakaosema kwamba fundi yule hana kosa, kwani alitimiza agizo. La, hasha! Giaboksi imefungwa kwa bolti. Mwenye gari haoni ndani yake. Ajuaye ana deni kwa asiyejua. Lau angalisema, "Naweza kuinyamazisha, lakini siwezi kuiponya kwa fedha hizi," angalikuwa amelipa deni lake, nasi tungalichagua kwa macho wazi.

Lakini nasi hatuna budi kukiri. Kelele ile ilikuwa mjumbe, nasi tulilipa fedha ili mjumbe afukuzwe, tusimsikie. Tuliogopa kelele kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu anunuaye ukimya asishangae akiuziwa ukimya.

Mzee aliosha kila kipande kwa mafuta ya taa, akapapasa jino baada ya jino kwa ukucha. Kisha akaikataa pete moja ya shaba ambayo machoni petu ilikuwa nzima. Tukamwuliza, "Nani angejua?" Akajibu, "Mlima ungejua."

Nasi walimu twaombwa kila mwaka alama nzuri za mtihani. Tukiwakaririsha watoto majibu wasiyoyaelewa, wazazi hufurahi, na darasa huwa kimya. Je, tumefundisha, ama tumetia unga wa mbao?

Basi, ndugu msomaji, siku utakayosikia kelele, katika gari, au nyumbani mwako, au moyoni mwako, usiseme, "Niondoleeni." Uliza kwanza, "Yatoka wapi?" Nawe ukiwa fundi wa kazi yo yote, mwambie mwenzako ukweli kabla hujapokea fedha yake.