Mguu, Kiatu na Subira

Mtu avaapo buti mpya za kazi huanzisha mashindano kati ya vitu viwili vinavyohitajiana. Mguu ni laini na una hisia. Kiatu ni kigumu na hakina hisia, lakini kimepewa kazi ya kuulinda mguu. Ajabu ni kwamba mlinzi huyu huanza ulinzi wake kwa kumwumiza amlindaye. Siku ya kwanza kisigino huwaka, siku ya pili malengelenge hutokea, na kila aonaye mwenziwe akichechemea humwambia, "Vumilia, vitazoea." Swali letu ni hili: Je, subira ni wema kila mahali, au pana mahali ambapo kuvumilia ni kujidhulumu?

Na tuitazame kwanza hali ya kiatu chenyewe. Ngozi ya ng'ombe ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotana. Watengenezaji wa ngozi huziimarisha ama kwa chumvi za madini ya kromi, ama kwa maji ya magome ya miti, kama vile miwati ipandwayo Njombe. Kazi hiyo huizuia ngozi isioze, lakini haiui tabia yake ya kukunjika. Kwa joto la mguu, kwa jasho na kwa mwendo, ngozi hulegea pale pale mguu unapokunjika, na kiatu huchukua umbo la mwenyewe. Ndiyo sababu kiatu kilichovaliwa na mtu mmoja mwaka mzima huwa taabu kwa mwingine, hata kama nambari ni moja.

Mabadiliko haya hayaji kwa nguvu. Wako watu ambao hulowesha buti majini, kisha huzianika karibu na moto ili zilainike upesi. Moto huikausha ngozi mpaka ikapasuka, na gundi ya soli huachia. Atakaye buti zidumu huzivaa nyumbani saa moja au mbili, pamoja na soksi zile zile za kazi, akaongeza muda siku baada ya siku. Huondoa tope kwa brashi, huzijaza karatasi na kuzikausha kivulini, kisha huzipaka mafuta au nta kidogo kabla ngozi haijakakamaa. Hapa subira ni wema usio na shaka, kwa kuwa mguu na kiatu vyote viwili hubadilika, na kila siku maumivu hupungua.

Lakini si kila sehemu ya buti ni ngozi. Buti nyingi za usalama zina kofia ya chuma mbele, iliyofichwa ndani ili kulinda vidole. Kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 20345, kofia hiyo hapana budi istahimili pigo la jouli 200, yaani kama uzito wa kilo 20 uangukao kutoka kimo cha mita moja hivi. Chuma kinachostahimili pigo la namna hiyo hakitalegezwa na kidole cha mwanadamu. Kisigino kikibanwa na ngozi, subira ni dawa. Kidole kikibanwa na chuma, subira ni ugonjwa wa pili. Maumivu ya chuma siku ya arobaini ni yale yale ya siku ya kwanza, ila mguu umedhoofika zaidi.

Husemwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini methali hiyo hunena habari za tunda, na tunda huiva. Angojaye jiwe liive hana subira, ana usingizi.

Huenda msomaji akauliza: Mbona kibarua aliyepewa buti zisizomtosha hanyanyuki akadai nyingine? Jibu ni kwamba aghalabu huogopa kuitwa mlegevu au asiye na shukrani. Basi huzivua kazini kwa siri, na siku hiyo hiyo jiwe au chuma kikamwangukia. Kwa hiyo kiatu kisichofaa si ulinzi pungufu tu. Ni ulinzi usiokuwapo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya usalama na afya kazini humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa, viatu vikiwamo. Uzito wa agizo hilo umo katika neno "vinavyofaa": kutoa kiatu si kutimiza wajibu, mpaka kiatu kimpate mwenye mguu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kiatu usichokivaa hujui kinapobana. Neno "vumilia" halimgharimu kitu alisemaye, bali humgharimu sana aambiwaye. Kwa hiyo haki yadai kwamba kabla ya kumpa mtu shauri la subira, tumwulize wapi panamuuma, kisha tumwamini. Na mwenye kuumia naye ana wajibu: asitupe buti njema kwa malengelenge ya siku mbili, wala asijisifu kwa kustahimili chuma. Ajiulize kila jioni, Je, leo imepungua? Ikiwa imepungua, na aendelee. Ikiwa haikupungua baada ya siku nyingi za uangalizi mwema, na aombe kiatu kingine bila aibu, na sisi tusimwite mvivu.