Jina la Kitonge

Miongoni mwa maswali ambayo wanafalsafa wamerithishana tangu zama za Wayunani, liko moja linalofaa kuulizwa jikoni kuliko darasani: kitu kikibadilishwa umbo, je, jina lake la kwanza lingali haki yake? Plutarch alilieleza kwa mfano wa jahazi la Theseus, ambalo mbao zake zilizooza zilibadilishwa moja baada ya moja, hata wenye hoja wakagawanyika, hawa wakisema kuwa ni jahazi lile lile na wale wakisema kuwa silo. Mfano ni mzuri, lakini una upungufu mmoja. Hakuna mtu aliyedhurika kwa jahazi lile kuitwa la Theseus. Chakula ni jambo jingine, maana huingia mwilini mwa mtu, naye aghalabu hukipokea kwa kuliamini jina kabla ya kukijua kitu chenyewe. Kwa sababu hiyo nauchukua mfano wangu katika sinia la vitu vitamu, nao ni vitonge vya tiramisu, ambavyo siku hizi huandaliwa katika karamu nyingi.

Tiramisu yenyewe ni kitindamlo cha kaskazini-mashariki ya Italia. Biskuti nyepesi zenye umbo la kidole, ziitwazo savoiardi, huchovywa katika kahawa kali isiyo na maziwa, zikapangwa katika chombo. Juu yake hupakwa viini vya mayai vilivyopigwa pamoja na sukari na kuchanganywa na mascarpone, jibini laini la Lombardia litokanalo na malai yaliyopashwa moto na kugandishwa kwa asidi. Hufuata safu nyingine ya biskuti na nyingine ya malai, na mwisho hunyunyizwa unga wa kakao usiotiwa sukari. Hakiokwi. Huachwa mahali pa baridi kwa saa kadhaa, au usiku kucha, mpaka biskuti zinywe kahawa zishibe. Jina lake ni sentensi kamili, maana yake "nivute juu", yaani niinue, nitie nguvu. Msomaji mwenye kupenda sarufi atatambua kuwa ni kitenzi cha amri. Anayekitaja chakula hiki hukiamuru kimtendee jambo, na mpishi anayekiita hivyo amekwisha kukubali, kwa niaba ya chakula, kwamba amri itatiiwa.

Nani alikiita hivyo kwanza? Hapo Waitaliano hawasikilizani. Watu wa Treviso, katika jimbo la Veneto, husema kilizaliwa katika mkahawa wa Le Beccherie wa Ado na Alba Campeol, kwa mkono wa mpishi Roberto Linguanotto, kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Nyumba ile husimulia kuwa Alba alipokuwa mzazi alilishwa na mama mkwe wake sbatudin, yaani viini vya mayai vilivyopigwa na sukari, chakula cha kuwarudishia nguvu wazazi na wagonjwa, kikatiwa na kahawa. Na kutoka bakuli lile ndipo wazo lilipoanza. Watu wa jimbo jirani la Friuli Venezia Giulia hujibu kuwa wao walitangulia, na humtaja Norma Pielli wa Tolmezzo, aliyekiandaa katika hoteli yake miaka ya 1950. Mwaka 2017 wizara ya kilimo ya Italia ilikiandika tiramisu katika orodha ya vyakula vya jadi chini ya jina la Friuli Venezia Giulia, na Luca Zaia, aliyekuwa gavana wa Veneto, akapinga hadharani.

Sitaki kuhukumu kati yao. Nataka kuonyesha tu kwamba shauri hilo lote hulitazama jina kama shamba: lina mipaka, lina mwenyewe, lina mrithi, na jirani akilivuka hushitakiwa. Katika shauri hilo mlaji hana kiti. Ilhali mimi nadhani jina la chakula ni deni kabla ya kuwa mali, na mdai ni yule anayefumbua kinywa.

Tuvitazame sasa vitonge. Mwandaaji huziponda biskuti gramu 200 mpaka ziwe kama mchanga, akazichanganya na mascarpone gramu 250, sukari kidogo, na vijiko vinne vya kahawa kali iliyokwisha kupoa. Kahawa ikiwa ya moto jibini huyeyuka, na ikizidi mchanganyiko hukataa kufinyangwa. Huupumzisha katika baridi kiasi cha saa moja. Kisha hufinyanga vitonge vyenye ukubwa wa ndimu changa, na kuvigaragaza katika unga wa kakao. Wengine huvifunika kwa chokoleti iliyoyeyushwa. Mayai hayamo, jambo ambalo katika nchi zenye joto lina manufaa, kwa kuwa mayai mabichi huweza kubeba vijidudu vya salmonela. Kazi yote huisha katika muda ambao tiramisu ya chombo ingekuwa bado inasubiri.

Mzee wa Treviso akivitazama atasema: hii siyo. Naye ana hoja, wala haifai kuipuuza. Katika tiramisu ya chombo biskuti haikuvunjwa. Ilikunywa kahawa ikabaki nzima, na kijiko kinaposhuka hukutana kwanza na ukavu wa kakao, kisha na ulaini wa malai, kisha na unyevu mchungu wa biskuti, kwa zamu. Zamu hiyo ndiyo sehemu kubwa ya starehe yake. Katika kitonge zamu imevunjwa. Kakao ingali mbele, maana imekizunguka pande zote, lakini vilivyobaki vimekuwa kitu kimoja. Aristotle alifundisha kuwa umbo ndilo linalokifanya kitu kuwa kile kilicho, na mata peke yake haina jina. Kwa kanuni hiyo vitonge vimepoteza haki, hata kama kila chembe iliyomo ilitoka Treviso kwa ndege.

Lakini kanuni nzuri kwa sanamu na jahazi yaweza kuwa mbaya kwa chakula. Mabadiliko ya umbo hayadanganyi mtu. Kitonge kiko wazi sinianini, cha mviringo, cha tonge moja, na hakuna mwenye macho atakayesema alidhani amepewa kipande cha safu. Lugha nayo humsaidia mwandaaji mwaminifu. Akisema "vitonge vya tiramisu", kiambishi vi- kimekwisha kutangaza kuwa ni vidogo, nalo neno "vya" limekwisha kukiri kuwa hivi ni jamaa wa kitu kingine. Jina namna hii haliibi. Wazungu wenyewe wana ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili. Kitonge cha chokoleti kilichogaragazwa katika kakao wanakiita tartufo, jina la kiyoga cha thamani kichimbwacho chini ya ardhi, kwa sababu vinafanana jinsi vilivyopakwa vumbi. Hakuna kiyoga ndani yake, na hakuna mlaji aliyepata kulalamika, kwa kuwa kufanana huko ni mchezo ambao wote wanaujua. Hata kaimati zetu za Mwambao, zinazotoswa katika shira, zilipata jina lao kutoka Kiarabu luqaymat, yaani vitonge vidogo. Jina lisilotaja unga, wala hamira, wala sukari, ila kipimo cha kinywa tu. Watu wa Oman na Ghuba nao wanaziita hivyo hivyo. Jina la umbo halijawahi kumdhuru mtu kwa kadiri niwezavyo kukumbuka.

Mata ndiyo yenye hatari, kwa sababu mata hujificha. Wapishi wengi hutia katika kahawa ya tiramisu mvinyo wa Marsala au ramu, nao hudhani kuwa ndiyo desturi ya asili. Le Beccherie hawakutia kileo, kwa kuwa chakula chao kilikusudiwa hata watoto na wazee. Basi mwenye kuacha ramu hajakipunguza kitu. Mwenye kuitia ndiye aliyeongeza, na nyongeza yake haionekani kwa macho, wala haisikiki vizuri puani mbele ya harufu ya kahawa.

Nilikuwapo katika hafla ya kumuaga mwalimu mmoja aliyestaafu, ambapo vitonge hivi vilipitishwa katika masinia. Mama mmoja mtu mzima, Mwislamu, alimwuliza kijana aliyekuwa akipitisha, "Mwanangu, hamna kileo humu?" Kijana akajibu kwa adabu, "Hapana, Mama. Ni tiramisu tu." Mama akatwaa kimoja akala. Baadaye ilijulikana kuwa wapishi wa kukodiwa walikuwa wametia ramu. Mama hakugomba. Aliomba maji, akasukutua, akanyamaza kwa muda uliobaki. Waliokuwa karibu naye walimfariji kuwa asiyejua hana dhambi, na bila shaka walisema kweli. Hata hivyo, faraja ile ilijibu swali ambalo hakuuliza. Yeye alikuwa ameuliza juu ya kilichomo, akajibiwa kwa jina. Kijana hakusema uongo kwa kusudi, maana hata yeye aliliamini jina. Na hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo. Jina lililotumika bila uangalifu huweza kumfanya mtu mwema kuwa mlango wa hila ambayo hakuitunga. Neno "tu" katika jibu lake lilifunga mjadala, na aliyelifunga hakuwa na ufunguo.

Sasa angalia jinsi udogo wenyewe unavyozidisha wajibu. Chakula cha kijiko huonjwa pembeni. Mtu hugusa kwa ncha ya ulimi, na akihisi jambo huacha kijiko chini bila aibu. Kitonge hakina pembeni. Kimetengenezwa kiingie chote mara moja; kimefungwa kwa kakao ili kisionyeshe undani wake; na mlaji anapoitambua ladha kimekwisha kuyeyuka. Anayeandaa chakula cha tonge moja amemwondolea mgeni nafasi ya kuchunguza, na kwa hiyo amejitwika yeye kazi ya kusema. Sioni njia ya kuukwepa wajibu huu. Kadiri tonge linavyokuwa dogo ndivyo imani inayotakiwa kwa mlaji inavyokuwa kubwa, kwa kuwa hutakiwa yote pamoja, mbele, kabla ya ushahidi.

Wahaya wa Kagera walilijua jambo hili kwa njia yao, na kwa kahawa hiyo hiyo. Kabla Wazungu hawajafika, buni za robusta zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikatafunwa. Na mgeni alipofika nyumbani alikaribishwa kwa kupewa buni mkononi. Kahawa kwao ilikuwa tonge kabla ya kuwa kinywaji. Katika kuchanjiana udugu, buni mbili zilizomo katika tunda moja zilitumika kwa kiapo, kila mmoja akaimeza buni iliyopakwa damu ya mwenziwe. Sitaji desturi hii ili kuidai tiramisu iwe yetu, ingawa robusta za Uganda na za Kagera hununuliwa na Waitaliano, na mimea yao haioti Treviso wala Tolmezzo. Naitaja kwa sababu inaonyesha kitonge cha kahawa kilichobeba ahadi nzima baina ya watu wawili, na kila mmoja alijua hasa alichokuwa akimeza. Kiapo kisingekuwa na maana lau mmoja wao angefichiwa kilichopakwa juu ya buni.

Limebaki jambo la mayai, ambalo ni gumu kuliko la ramu. Sbatudin ya mama mkwe ilikuwa viini vya mayai. Nguvu ambayo jina linaiamuru ilitoka humo kwanza, na kahawa ilikuja kusaidia. Kitonge kisicho na mayai kimeiacha sababu ya jina lake, ingawa kimeokoa ladha. Tena wako wanaotumia kahawa iliyoondolewa kafeini, ili wageni wapate usingizi. Hapo chakula kinachoitwa "niinue" hakina cha kumwinulia mtu isipokuwa sukari. Mwenye mantiki kali atasema jina limekufa. Mimi sithubutu kwenda umbali huo, kwa kuwa walaji wa leo hawaagizi tiramisu kwa kutaka nguvu za mzazi. Wanataka uchungu na utamu vikutane kinywani, na kitonge huwapa. Ahadi ya jina imehama pamoja na wale wanaodai. Lakini kama yumo karamuni mgonjwa aliyekatazwa kahawa na daktari, au mtoto ambaye maziwa humdhuru, kwake mambo haya si mantiki. Yeye hataki kujua kama jahazi ni la Theseus. Anataka aliyeshika sinia ajue kilichomo, au, akiwa hajui, arudi jikoni kuuliza kabla ya kulitaja jina.