Chukudu Isiyobeba Kitu

Kati ya Kibumba na Goma, mkoani Kivu ya Kaskazini, barabara inateremka kuelekea ziwani, na juu yake hupita chukudu: chombo cha mbao cha magurudumu mawili, chenye ubao mrefu katikati, usukani mbele, na vipande vya tairi kuukuu vilivyopigiliwa misumari kuzunguka magurudumu. Kwenye mteremko mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao na kuiacha njia imshushe. Kwenye mlima hushuka na kusukuma. Makaa, viazi, kabichi, kuni: chukudu moja huweza kubeba mamia ya kilo. Mji wa Goma umekijengea chombo hiki sanamu ya rangi ya dhahabu, iliyozinduliwa mwaka 2009. Watoto nao wana chukudu zao, ndogo, zilizoungwa kwa mabaki ya mbao, ambazo hazibebi chochote ila mtoto mwenyewe. Nataka kuuliza juu ya hizo ndogo. Je, mchezo wa mtoto unahitaji kuhalalishwa na faida itakayokuja baadaye, au unajitosheleza?

Wengi wana jibu tayari. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Basi mchezo utasameheka tu ukiwa ni kazi inayojificha. Anayeendesha chukudu ndogo leo ataendesha kubwa kesho, na samaki hukunjwa angali mbichi. Jibu hili lina ukoo wa kale. Plato, katika kitabu cha kwanza cha Sheria, anataka mtoto atakayekuwa mjenzi acheze kwa kujenga vijumba, na walezi wampe zana ndogo zinazoiga zile za kweli. Sehemu ya hoja hiyo siikatai, kwa kuwa mtoto juu ya chukudu hujifunza mizani, kona na kasi, atake asitake. Ila tokeo la jambo si lazima liwe kusudi lake. Karamu ya harusi hushibisha watu, lakini hakuna anayeoa ili watu washibe. Tazama mteremko wenyewe. Mwenye gunia la viazi hupanda kwa kuwa hana budi, na angeletewa njia ya kushuka tu maisha yake yote angeshukuru. Mtoto huikokota chukudu yake hadi juu kwa hiari ili ashuke, kisha huikokota tena, na jioni yuko palepale alipoanzia. Aristotle alitenganisha matendo ambayo kikomo chake kiko nje, kama ujenzi unaokoma nyumba ikisimama, na yale ambayo kikomo chake kimo ndani yake, kama kuona. Mbao ni zilezile na barabara ni ileile. Ukiweka gunia juu yake, tendo limehama kundi.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka kwenye utengenezaji, na halijibiki kwa haraka. Kuendesha ni mchezo, mtu atasema, lakini je, kuunda? Mbao hazichezi. Mtoto akikata kipande cha gogo mviringo akakifanya gurudumu, kitapasuka kutoka ukingoni hadi kitovuni, kwa sababu mti unapokauka husinyaa zaidi kufuata mviringo wake kuliko kuelekea kwenye kiini. Tundu la ekseli likipotoka kidogo, gurudumu litayumba. Likibana mno, halitazunguka. Na usukani usipofungwa barabara utamgeukia mtoto kwenye kona. Hapa kuna kanuni, subira na makosa yenye gharama, na hapo ndipo Aristotle anaonekana kunigeuka, maana ujenzi ni mfano wake mwenyewe wa tendo lenye kikomo nje. Nakubali kwamba useremala wa mtoto una kusudi. Nisichokubali ni kwamba kusudi hilo ni ujuzi wa kesho. Mtoto anachonga gurudumu kwa ajili ya mteremko, na mteremko ni kwa ajili yake wenyewe, basi kazi nzima inategemea kitu kisicho kazi. Ugumu wa mbao hauiondolei kazi hiyo uchezaji wake, kama vile ugumu wa bao hauufanyi mchezo huo kuwa ajira. Gurudumu likipasuka hakuna mteja anayesubiri wala deni linaloongezeka. Mtoto anaweza kucheka, kukasirika, kuchonga jingine la pembe nane aone litakuwaje. Fundi wa chukudu kubwa hana nafasi ya kujaribu gurudumu la pembe nane. Natamani angekuwa nayo.

Wengine wataniambia kwamba haya ni mawazo ya walioshiba, kwani mahali ambapo chukudu hulisha familia mtoto naye hubeba: dumu la maji, kuni, wakati mwingine gunia. Ni kweli, na sisemi kumsaidia mama kuteka maji ni dhuluma. Lakini pingamizi hili, ukilifuata hadi mwisho, linaniunga mkono. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja haki ya kucheza katika kifungu cha 31, na katika kifungu cha 32 kinga dhidi ya unyonyaji wa kiuchumi. Ikiwa mchezo ni maandalizi ya kazi tu, basi mtoto aliyekwisha kuanza kubeba magunia hajapoteza kitu, bali amewahi kufika. Hatukubali hivyo, tunaona ameporwa. Hisia hiyo haina maelezo ila tukiri kwamba alikuwa na kitu chenye thamani yake mbali na faida.

Wacha Mungu nao wana neno. Qurani imeyaita maisha ya dunia mchezo na pumbao, nayo si sifa, na imekana kwamba mbingu na ardhi ziliumbwa kwa mchezo. Lakini onyo hilo linamlenga mtu mzima anayeyachukulia yasiyo na uzito kana kwamba ndiyo yenye uzito, jambo ambalo mtoto hafanyi. Ukimwita kula huiacha chukudu njiani. Al-Ghazali katika Ihya alitaka mtoto aruhusiwe kucheza baada ya masomo, asije moyo wake ukafa, ingawa naona hata yeye ameupa mchezo kibali kwa niaba ya darasa. Napendelea hadithi katika Sunan Abu Dawud ya Bi Aisha na farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa za vitambaa. Mtume aliuliza kuhusu mbawa hizo, akajibiwa kwamba farasi wa Suleimani walikuwa nazo, akacheka. Hakuuliza zina faida gani. Kwa Wakristo, Zaburi ya 104 inamtaja Lewiathani, mnyama wa baharini aliyeumbwa ili acheze, na Zekaria, katika sura ya 8, anapoeleza Yerusalemu itakavyokuwa baada ya maangamizi, anaweka wazee wenye mikongojo na watoto wanaocheza katika njia zake. Huko mchezo umo ndani ya ahadi, wala hautajwi kama njia ya kuifikia. Kwa mji kama Goma, ulioona lava mwaka 2002 na 2021 na vita mwaka 2025, tofauti hiyo si ya vitabuni.

Lililobaki ni usalama, na hapo mkubwa ana wajibu asioweza kuukwepa kwa kusifia uhuru wa mtoto. Sheria ya Musa ilimtaka ajengaye nyumba mpya aizungushie dari ukingo, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. Anayetoa misumari anapaswa kukagua misumari iliyotokeza, kuona kwamba usukani haulegei, kuweka kipande cha mpira cha kukanyagia gurudumu la nyuma kiwe breki, na kuchagua mteremko usioishia kwenye barabara ya malori. Baada ya hapo arudi kwenye shughuli zake, maana mtoto ana mlima wa kupanda.